Ukurasa wa Kushoto

"Huyu hana akili timamu! Mtoto anaondoka leo hii!"

Wifi alikuwa amesimama katikati ya sebule, simu mkononi, anatikisa kichwa kama hakimu aliyekosa usingizi.

Na alichokuwa anasoma, jamani... kilikuwa mwandiko wangu mimi!

Begi la mtoto lilikuwa tayari mlangoni. Nepi, chupa, kofia mbili. Nje gari linanguruma. Mtoto mwenyewe ana siku kumi na tisa tu duniani.

Mzazi alikuwa kwenye kochi, kamkumbatia mwanawe kifuani. Hakumtazama wifi yake. Hakumtazama mumewe.

Alinitazama mimi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo...

Mwenzenu kazi yangu ni kuhudumia wazazi. Namaanisha mama aliyetoka kujifungua, msije mkaniletea baba zenu inboksi!

Mimi si nesi, si dada wa kazi. Mtoto akishindwa kushika titi, namwelekeza mama. Mama akitaka kulala, mimi ndiye kitasa cha mlango. Wageni wananichukia mpaka basi. Nakaa na familia wiki sita, ndiyo maana mtaani wananiita Anti Wiki Sita.

Na nina daftari. Kila siku naandika mtoto kanyonya mara ngapi, nepi ngapi zimelowa, mama kala nini, kasema nini.

Sasa huo mwandiko wangu... ni mkubwa kama matairi ya trekta. Mistari minne, ukurasa umekwisha! Mwalimu wangu alisema siku nikiandika barua ya kuacha kazi, nitastaafu kabla sijaimaliza.

Aliyenipeleka kwenye nyumba ile ni wifi huyo huyo. Shoga yangu tangu tulipokuwa tunagawana dawati.

"Shoga, mke wa kaka ni mgeni wa mambo haya. Nenda kamshike mkono."

Nikaenda. Kila Ijumaa alikuja kutusalimia.

"Lete daftari nione, nijue pa kusaidia."

Nikampa. Kwa mkono huu huu unaowaandikia! Halafu nikaenda zangu jikoni kuchemsha maji, najisemea, kumbe kuna mawifi wenye roho nzuri...

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa dawatini.

Haya, turudi sebuleni.

"Kaka, sikiliza kwa makini," wifi akasema, anapekua picha kwenye simu. "Siku ya sita. Mzazi hataki kumshika mtoto."

Mume akageukia kochi.

"Siku ya tisa. Mzazi analia, anasema maziwa hayatoki."

Mume akafuta jasho.

"Siku ya kumi na nne..." Wifi akashusha sauti kama yuko msibani. "Mzazi amesema, natamani nilale nisiamke."

Hata friji iliacha kunguruma!

"Mke wangu..." mume akasema. "Ulisema hivyo?"

Mzazi akafumba macho. "Nilisema. Lakini..."

"Umesikia mwenyewe! Arudi kwao akapumzike, mtoto nitamlea mimi. Kaka, beba begi."

Na akalibeba!

"Shemeji, hebu kidogo..." nikamwambia mume.

"Nyamaza wewe!" wifi akanigeukia. "Kazi yako ulishaifanya."

Hapo ndipo nilipoelewa... Kumbe sikuletwa kumshika mzazi mkono. Nililetwa niwe jicho!

Miaka yote ya urafiki, shoga angu kanigeuza kamera. Na mimi mjinga nikawa najichaji mwenyewe.

"Kazi yangu bado," nikamwambia. "Ngoja niimalizie."

Nikachomoa daftari kwenye mkoba, nikamwekea shemeji mkononi.

"Soma mwenyewe. Kwa sauti. Hizo picha zote ni za ukurasa wa kushoto. Mwandiko wangu unajulikana, shemeji... sentensi haziishii hapo. Zinavuka kulia."

Akafungua.

"Siku ya sita. Mzazi hataki kumshika mtoto..." Macho yakahamia kulia. "...kwa mikono yenye pilipili. Anasema anawe kwanza."

Akafunua zaidi.

"Siku ya tisa. Mzazi analia, anasema maziwa hayatoki... tumemweka mtoto vizuri, yametoka mpaka yameruka kwenye miwani yangu."

Mzazi akatoa pumzi. Wifi akaanza kutafuta pochi yake.

"Siku ya kumi na nne. Mzazi amesema, natamani nilale nisiamke..." Akavuka kulia. "...mpaka huyu mtoto aanze shule. Tumecheka hadi mtoto akashtuka. Nimemlinda mzazi mlangoni, kalala saa tatu mfululizo. Kaamka anaimba."

Begi likashuka chini, taratibu.

"Dada," shemeji akamwambia wifi. "Ulipokuwa unapiga picha, hukuuona ukurasa wa pili?"

"Mimi... niliona haunihusu."

"Tangu nimwoe huyu unamtafutia sababu. Safari hii umeitafuta kwa mtoto wangu. Toka."

Akatoka mbio mpaka akavaa ndala moja yake, moja ya kaka yake!

Mwenzenu nikajiona shujaa. Nikajisogeza kwenye kochi, nimejaa tabasamu.

"Haya mdogo wangu, yameisha. Nikuletee chai?"

Hakutabasamu.

"Anti... daftari alikuwa analisoma kila Ijumaa?"

"Ndiyo, lakini mimi nilidhani..."

"Uliniuliza?"

Nikatikisa kichwa. Mimi, ninayejulikana kwa mdomo!

"Siku ile nilicheka na wewe," akasema, anamfunika mtoto miguu. "Nilijua tuko wawili. Kumbe tulikuwa watatu."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nitakusamehe, Anti. Lakini siwezi tena kulia mbele yako. Wala kucheka. Wiki zilizobaki nitakaa na mume wangu."

Shemeji akakuna kichwa. "Basi nionyeshe namna ya kumwogesha kabla hujaondoka."

Nikamwonyesha. Kichwa ushike hivi, maji uyapime kwa kiwiko. Machozi yangu yalidondokea beseni, nikasingizia sabuni.

Siku ile Anti Wiki Sita aliondoka kabla ya wiki ya tatu kwisha.

Najua mnasubiri nimtukane wifi. Nimemtukana vya kutosha, asanteni. Lakini yeye alikata sentensi tu... aliyempa mkasi ni mimi!

Maneno ya chumba cha mzazi ni ya mzazi. Hata kama aliyekuleta ni wifi, mama mkwe, au shoga yako wa dawati moja. Ukitaka kuyatoa nje ya mlango, muulize mwenyewe kwanza.

Siku hizi nikiingia kwa mzazi, siku ya kwanza namkabidhi daftari na kalamu. Linalala chini ya mto wake. Nikitaka kuandika, naomba. Akitaka mtu alione, atamwonyesha mwenyewe.

Wa juzi aliniruhusu nisome ukurasa mmoja. Ameandika: "Anti anakoroma kuliko mtoto."

Nikafunua upande wa kulia haraka haraka, nione sentensi inaendaje...

Ilikuwa imeishia pale pale. Na nukta kaweka!