Doria ya Baba na Kompyuta ya Mama

Mama mkwe wangu ni fundi wa nguo, na chumba cha mbele ndicho karakana yake. Humo kuna cherehani mbili za umeme, meza ya kukatia, pasi, feni, na pembeni kabisa kompyuta ya mezani. Mimi kazi yangu ni vifungo na kupiga pasi. Kazi ya baba mkwe ni kutukagua.

Msicheke. Baba alikuwa askari wa zimamoto kwa miaka thelathini, na ameona nyumba zilizoteketea kwa sababu ya pasi moja iliyosahaulika. Sasa amestaafu, lakini uzimamoto haujamtoka. Kila siku saa kumi na mbili jioni anafanya doria. Pasi, chwap! Feni, chwap! Cherehani, chwap! Hakuna plagi inayobaki ukutani.

Mwezi ule Mama alipata kazi kubwa kuliko zote. Chuo cha uuguzi kilimwagiza ashone magauni thelathini na mawili ya mahafali. Wanafunzi walikuja siku moja, tukawapima, nikaingiza vipimo vyao kwenye kompyuta. Kisha wakatawanyika kwenda mazoezini katika hospitali za mbali. Wangerudi siku yenyewe ya mahafali.

Tulikuwa tumeshona ishirini. Yalibaki magauni kumi na mawili, na siku kumi na moja. Hapo ndipo kompyuta ilipoanza kuvuta miguu.

Kuwaka tu, dakika kumi. Ukifungua faili, inaganda. Nikafuta picha za zamani, nikapangusa vumbi. Wapi!

"Imechoka hiyo," Baba akatoa hukumu. "Iacheni ipumzike." Akachomoa plagi.

Kesho yake ilichukua nusu saa kuwaka. Nikafungua faili la vipimo, ikaganda, kisha ikajizima yenyewe.

Mama akakaa kitini, mkono shavuni. "Mwanangu, niwashonee wale watoto kwa kukisia? Gauni likimbana mtu siku yake ya mahafali, nani ataniamini tena?"

Alikuwa na hofu, na mimi nilikuwa na hofu kumzidi. Vipimo vile sikuviandika mahali pengine popote. Uzembe wangu huo, naukiri mbele yenu.

Jioni nikakimbia nyumba ya tatu kwa jirani yetu, fundi wa kompyuta. Mtaani tunamwita Dada Bisibisi, maana bisibisi haimtoki mfukoni. Alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu. Akavivaa tena.

"Shikamoo Baba, shikamoo Mama," alisema mlangoni.

"Marahaba, mwanetu. Njoo utuokoe," Mama akajibu.

Dada Bisibisi akaiwasha, kisha akatulia. Mimi nikanyoosha mkono nibonyeze.

"Wifi, mikono chini!" akaniambia. "Ukiibonyeza ovyo unaiongezea mzigo. Isubiri."

Ilipowaka, akachomeka flashi. "Kabla ya kutengeneza chochote, tunatoa nakala ya vitu vyenu. Hili ndilo la kwanza siku zote." Vipimo vilianza kunakiliwa, polepole mno. Mama hakuondoa macho kwenye kioo.

Saa kumi na mbili ikagonga. Baba akainuka. Miguu yake inaijua njia. Pasi, chwap! Feni, chwap! Mkono wake ukashika plagi ya kompyuta.

"Baba! Acha!" Dada Bisibisi aliruka.

Baba akasimama kama aliyepigwa picha.

"Hivi ndivyo mnavyoizima kila siku?"

Mimi nikatazama dari. Mama akakohoa. Baba akasema kwa fahari, "Mimi mwenyewe. Miaka miwili sasa, sijakosa hata siku moja."

"Basi ugonjwa tumeupata," alisema Dada Bisibisi, akicheka kidogo. "Baba, pasi haina kazi ya kumalizia. Kompyuta inayo. Ndani yake kuna mafaili ya mfumo. Hayo ndiyo yanayoiambia iwake vipi, ifungue nini, ihifadhi wapi. Hata ukiiona imetulia, inaweza kuwa inaandika humo. Ukikata umeme ghafla, faili linabaki nusu. Mama akiwa katikati ya mshono, ukamvuta kitini, nguo itakuwaje?"

"Itaharibika," Mama akadakia, "na yeye nitamchoma sindano!"

Tukacheka wote, isipokuwa Baba. Aliiachia plagi taratibu.

Nakala ilipokamilika, Dada Bisibisi aliangalia kama diski imejaa. Nafasi ilikuwepo tele. Akatafuta virusi, hakuna. Ndipo akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, kwa ruhusa ya msimamizi, akaandika: sfc /scannow.

"Amri hii inakagua mafaili ya mfumo, moja moja. Likikutwa bovu, linabadilishwa kwa zima. Msiguse mpaka ifike mia kwa mia."

Ilipofika, ikajibu kwamba imekuta mafaili mabovu, na mengine imeshindwa kuyatengeneza. Mama akashika kichwa.

"Bado, Mama. Tuna amri nyingine." Akaiunganisha na intaneti ya simu yake, akaandika amri ndefu zaidi, ya kuleta mafaili mazima kutoka mtandaoni. Kisha akairudia ile ya kwanza. Muda wote huo Baba alikaa kando ya soketi, akituzuia hata kupita karibu.

Safari hii jibu likawa zuri: yote yametengenezwa. Kompyuta ikazimwa na kuwashwa upya. Nilihesabu sekunde arobaini tu.

"Hiyo hapo!" Mama alipiga vigelegele mpaka jirani wa mbele akachungulia.

"Ikirudia uzito, niiteni tuikague diski yenyewe," alisema Dada Bisibisi. "Na nakala iwe kila wiki. Wifi, umenisikia?"

Nilimsikia. Siku hizi kila Ijumaa natoa nakala, na vipimo naviandika pia kwenye daftari. Baba naye amejifunza kuizima kwa kipanya. Anachagua neno la kuzima, anangoja taa yake ife, ndipo anachomoa. Anasema kungoja ndiko kunakomtesa.

Siku ya mahafali tulialikwa sote watatu. Wahitimu wakaingia ukumbini kwa mstari, thelathini na wawili. Mama hakutazama nyuso. Alitazama mabega, viuno, mapindo, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho akaketi. Hakuna gauni lililovuta, hakuna lililopwaya. Machozi yakamtoka, naye akayaacha yatoke.

Baba akamwinamia. Nilikuwa kiti cha pili, nikasikia.

"Mke wangu, haya yote nusura niyaharibu kwa mkono wangu mwenyewe. Nisamehe."

Miaka yote niliyokaa kwao sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Mama akafuta machozi, akaushika mkono ule ule, na hakuuachia mpaka jina la mwisho lilipoitwa.