Pigo Moja la Ngoma

Katika darasa letu zima hapa Mapinga, hakuna anayeaminika kama mimi, Humaid. Muulize yeyote. Ila usimwulize Adrian.

Kila Jumatano baada ya masomo, mimi na rafiki yangu Adrian tulibeba ndoo ya mchanga mbichi, kanga na majani ya mchaichai hadi chumba cha watoto wadogo. Baadhi yao wana usonji. Tuliwaigizia mchezo wa mvua, lakini bila jukwaa: watoto walikaa nasi mkekani, wakashika mchanga, wakanusa mchaichai, wakapepewa kwa kanga.

Mwalimu Gertruda alitupa sharti moja. Mtoto asisikie mlio wowote kabla hajaonyeshwa kinachoutoa. Kwa hiyo Adrian, mpiga ngoma wetu, kwanza alimwacha Kholood aweke kiganja juu ya ngozi ya ngoma, kisha akaigusa kwa kidole kimoja. Kholood ana miaka sita na hasemi. Kutoka mlangoni hadi mkekani alitumia wiki tatu.

Jumatano moja, Mwalimu alipotoka kuongea na mzazi, Bwanausi wa darasani kwetu alichungulia dirishani na wenzake.

"Hiyo ni ngoma au sinia? Mbona hailii?"

Adrian alikuwa ameinama kukunja kanga. Nikaichukua ngoma, nikaitandika kwa kiganja kizima. Dirishani walicheka sana. Kholood alipiga yowe, akaziba masikio, akajificha chini ya meza. Nikamsukumia Adrian ngoma.

Mwalimu akaingia mbio. "Nani amepiga?"

"Ngoma ni ya Adrian, Mwalimu."

Adrian alinitazama, akangoja nimalizie. Sikumalizia. Akatolewa kwenye mchezo.

Njiani hakunisemesha mpaka tulipokaribia kwao. "Nilikuwa nakungoja useme."

"Ningesema, ila Mwalimu alikuwa na hasira."

"Kwa hiyo hasira nikapewa mimi." Akavuka barabara, akaniacha upande wangu.

Jumatano iliyofuata ngoma ilikuwa yangu. Kholood alisimama mlangoni. Nikamwonyesha ngoma polepole, kama inavyotakiwa. Alikuja, akaichukua mapajani mwangu, akatoka nayo hadi barazani alikokaa Adrian na daftari lake. Akamwekea magotini, akakilaza kiganja cha Adrian juu ya ngozi. Kisha akanigeukia mimi, akaziba masikio.

"Humaid," Mwalimu akasema taratibu, "mbona anaziba masikio kwako?"

Nilitafuta utani, sikuupata. Nikasema yote.

Mwalimu akasimama mlangoni, kati yangu na Adrian. "Mtoto huyu alituamini hatua kwa hatua, nawe ukamtisha ili uchekewe dirishani. Hilo ni kosa, na kosa husahihishwa. Lakini kumbebesha rafiki yako ni kosa jingine, na hilo ulilirudia kila siku uliyonyamaza. Mtu mkweli hasubiri kuulizwa. Adrian, mwanangu, nisamehe. Rudi mkekani."

Adrian akarudi. Kholood akaketi karibu naye, akaigonga ngozi kwa kidole kimoja.

Nikaona nijiokoe kidogo. "Mwalimu, kusema kweli, leo nilikuja nimeshaamua kukiri mwenyewe."

Adrian hakuinua hata macho. "Leo? Si asubuhi umeniahidi barafu mbili ili ninyamaze?"