Ufa Chini ya Rangi

Kila Alhamisi alfajiri, akina mama wa sokoni walikusanyika mbele ya nyumba ya Nephtali, katika komini ya Tshopo. Walikuja na magunia matupu na bidoni, yaani madumu, za mawese. Walikaa juu ya bidoni, wakapiga soga, wakasubiri Bluu iwashwe.

Bluu lilikuwa jina la lori la Nephtali. Akina mama ndio walioliita hivyo, kwa sababu ya rangi yake. Asubuhi lilivuka daraja la mto Tshopo na kushika barabara ya Banalia mpaka Bengamisa. Jioni lilirudi na mchele, makemba, yaani ndizi za kupika, na mawese. Akina mama wenyewe walikaa juu ya mizigo, wakiimba na kuchekana. Hakuna aliyeona ubaya wowote, maana wote walifanya hivyo.

Bluu ilikuwa imezeeka. Nephtali aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na tangu hapo ilikuwa imepita miaka kumi na tisa. Kipimo cha kilomita kilikufa zamani. Watu wakimuuliza lori lake limetembea kiasi gani, alijibu kwamba kipimo kilichoka kuhesabu kabla lori halijachoka kutembea. Alicheka sana kila alipolisema hilo.

Na kwa kweli aliitunza, au alidhani anaitunza. Kila Desemba, kabla ya Noeli, alinunua rangi ya bluu na kuipaka upya. Alianza na kabini, akaja kwenye bodi, kisha akatandika mkeka na kulala chini ya lori. Huko alipaka shasi, yaani vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari zima. Mke wake, Célestine, mwalimu wa shule ya msingi, alimtania.

"Papa Arsène," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "mulango ya nyumba iko inaomba rangi tangu tulioana. Camion njo bibi yako?"

"Mulango haitulishe, camion njo inatulisha," Nephtali alijibu kutoka chini ya lori.

Ilipofika mwezi wa tatu, mvua ilikuwa imeharibu barabara. Alhamisi moja, mchana, Bluu ilikuwa inarudi kutoka Bengamisa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na juu ya magunia walikaa akina mama wanane. Gurudumu la mbele likaingia katika shimo lililojaa maji. Nephtali akasikia mlio mmoja mkali chini ya miguu yake. Lori likapinda katikati na kulala upande.

Magunia yaliporomoka na watu wakaporomoka nayo. Saba waliinuka na michubuko. Wa nane, Mama Georgette wa mtaa wa Mangobo, hakuinuka. Bidoni ya mawese iliyojaa ilikuwa imemwangukia pajani, na mfupa ulivunjika. Yeye alikuwa amepanda Bluu kwa miaka kumi na minne, kuliko wengine wote.

Nephtali alimshika kichwa mpaka gari lingine likaja kumchukua kwenda hospitali. Mikono yake ilinuka mawese siku mbili nzima, ingawa alinawa na kunawa.

Fundi wa kuchomelea, soudeur kama wanavyomwita, alikuja palepale barabarani. Aliunga shasi kwa kipande cha chuma, na Bluu ikarudi nyumbani ikivutwa pole pole. Kisha fundi akaongeza chuma kingine. Moteur, yaani injini, ilikuwa nzima. Ilinguruma vizuri kama zamani.

Alhamisi ya tatu baada ya ajali, akina mama walirudi na bidoni zao.

"Tunaenda?" waliuliza. "Mangobo inalala njaa, chauffeur!"

Nephtali aliwatazama. Alitaka kusema ndiyo. Lori ndilo lililosomesha watoto wake, na hakuwa na kazi nyingine. Lakini alitazama tena chini ya lori.

"Ngojeni juma moja," alisema. "Bado naangalia kitu."

Waliondoka wakinung'unika. Jirani yake Daniella alikuwa amesimama kwenye ua, akisikiliza yote. Daniella alisoma shule ya ufundi na alitengeneza magari katika gereji ya mtaani. Wanaume wa mtaa walimcheka siku za kwanza, Nephtali akiwa mmoja wao. Sasa hawakucheka tena, kwa sababu magari aliyoyatengeneza yaliondoka na hayakurudi kwa ubovu uleule.

"Tonton Nephtali," alisema, akimwita mjomba kwa heshima, "uko unaangalia nini?"

Nephtali alikaa juu ya gurudumu la akiba. "Sijue hata. Moteur iko muzuri. Soudeur anasema camion itatembea miaka kumi ingine. Lakini miye naogopa, Daniella. Nikiona bamama wanapanda, naogopa."

"Bon. Moteur inakuambia kama gari itaondoka. Haikuambie kama itafika. Acha niingie chini."

Daniella aliingia chini na brashi ya chuma. Alisugua rangi mahali pengi, hasa pale chuma kinapokutana na chuma, na karibu na vipande alivyochomelea fundi. Vipande vya rangi ya bluu vilimwangukia usoni. Kisha aliomba mafuta ya taa, kitambaa kikavu, na chaki.

"Chaki?" Nephtali alishangaa.

"Ya shule. Mama Célestine anayo."

Célestine alileta chaki tatu kutoka katika mfuko wake wa kazi, na yeye mwenyewe akachutama kutazama. Daniella aliwakataza watu wote kuwasha moto au sigara karibu. Alipaka mafuta ya taa kwenye chuma kilichosuguliwa. Alisubiri kidogo. Aliyapangusa mpaka chuma kikakauka, kisha akasugua chaki juu yake mpaka kikawa cheupe.

"Sasa tungoje," alisema. "Kama chuma iko nzima, chaki itabaki nyeupe. Kama iko na ufa, mafuta iliingia ndani ya ule ufa. Itatoka tena na kulowanisha chaki."

Walingoja. Katika weupe wa chaki ukatokea mstari mweusi, mwembamba, wa kupinda. Kisha mwingine, upande wa pili. Kisha wa tatu, pembeni kabisa ya kile chuma kipya cha fundi.

"Tatu," Célestine alisema polepole.

Nephtali alikuwa anatazama mstari wa kwanza. Aliujua. Aliujua vizuri.

"Nilionaka huu," alisema. "Mu Décembre. Rangi ilikuwa na mustari mwekundu hapa, kama uzi. Nikasema ni kutu. Nikapakaa rangi juu."

Daniella hakumlaumu. Labda ingekuwa afadhali angemlaumu.

"Rangi haiko mubaya, tonton. Inakinga chuma na kutu. Lakini kwanza unasugua, unaangalia, kisha unapakaa. Ule mustari mwekundu njo gari ilikuwa inakuonyesha. Kutu inatoka ndani ya ufa."

"Tukichomelea zote tatu?"

"Ufa moja, kwa fundi muzuri, sawa. Frein ya kusimamisha gari tunabadilisha. Magurudumu tunabadilisha. Hata moteur tunaweza kufungua. Lakini shasi njo mugongo. Hii ilibeba kupita nguvu yake miaka mingi, mu mashimo. Chuma yote imechoka. Ukiunga hapa, itapasuka pale pembeni, kama ile ya tatu. Gari haizeeke kwa kilomita tu. Inazeeka kwa uzito na njia."

Jioni hiyohiyo akaja Assumani, mfanyabiashara mwenye asili ya mji wa Kindu. Alisikia kwamba Nephtali anasita, naye alitafuta lori. Nephtali alimwonyesha mistari ya chaki. Assumani aliinama, akatazama, akainuka akipangusa magoti.

"Papa Nephtali, weye unajisumbua. Miye naichukua vile iko. Nitaipeleka njia ya Bafwasende. Pakaa rangi tu. Nani ataona?"

Maneno hayo yalimchoma Nephtali, kwa sababu yalikuwa ya kwake mwenyewe, aliyojisemea Desemba akiwa juu ya mkeka. Lakini hakukataa. Alimwambia Assumani arudi Jumamosi. Mtu aliyetegemea kitu kimoja miaka kumi na tisa hakiachi kwa siku moja, na tusimcheke kwa hilo.

"Na wale wa Bafwasende?" Célestine aliuliza walipokuwa wakila. "Wao pia watakaa juu ya magunia?"

Nephtali aliacha kula.

Kesho yake alikwenda hospitali. Mama Georgette alikuwa amelala, mguu wake umefungwa na kuvutwa kwa uzito wa mawe. Alipomwona, alitabasamu.

"Chauffeur yangu! Bluu iko wapi? Uwaambie wale, nafasi yangu ya pembeni ya kabini hapana kupewa mutu. Nikipona napanda."

Nephtali alikuwa ameleta kwanga, mkate wa muhogo, na samaki. Aliviweka chini. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyejua kwamba aliona alama Desemba, ila Célestine na Daniella.

"Mama Georgette, shasi ilikuwa na ufa tangu Décembre. Niliona alama yake. Nilipakaa rangi juu."

"Uliona?"

"Niliona. Sikutaka kujua."

Tabasamu la Mama Georgette likaondoka. Akageuza uso ukutani.

"Uende kwako, Papa Nephtali," alisema.

Nephtali alirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima, akilia bila kujificha. Alijuta kwamba hakumwita Daniella Desemba ileile. Alijuta zaidi kwamba mama yule alimwamini, na yeye akaamini rangi.

Jumamosi Assumani alipokuja, alikuta fundi wa kuchomelea anakata shasi ya Bluu vipande vipande. Nephtali mwenyewe ndiye aliyemwita.

"Moteur iko muzima," Nephtali alimwambia Assumani. "Daniella anaweza kuifungua mbele yako. Lakini hii chuma haitabeba mutu tena. Wala kwangu, wala kwako."

Assumani alikasirika, kisha akapoa. Moteur aliichukua. Leo inazungusha mashine ya kukoboa mpunga huko Mangobo, na ukipita karibu utasikia mngurumo wa Bluu. Nephtali hupita njia nyingine.

Miezi ilikuwa migumu. Baadaye Nephtali aliungana na madereva wawili, wakapata lori lingine. Nalo si jipya. Daniella alishinda siku nzima chini yake kabla hawajakubali kulichukua. Sasa kila Jumatano Nephtali anatandika mkeka, anasugua mahali palepale, anatazama mistari, breki, magurudumu. Hajazi kupita kiasi. Akina mama hawakai tena juu ya magunia: wawili wanaingia kabini, wengine wanapanda basi dogo, na mizigo inawafuata. Mwanzoni walimtukana sana. Siku hizi wanamtukana kidogo.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, Mama Georgette alikuja. Alitembea kwa fimbo, na mguu mmoja ulibaki mfupi. Nephtali alimfungulia mlango wa kabini na kusimama hapo, bila kujua aweke mikono wapi.

Mama Georgette hakupanda. Alizunguka lori polepole, akisimama kwenye kila gurudumu.

"Leta chaki," alisema.

Célestine, aliyekuwa anaondoka kwenda shuleni, alifungua mfuko wake. Mama Georgette alimwonyesha Nephtali kwa fimbo mahali pa kusugua. Nephtali alisugua, akapaka mafuta ya taa, akapangusa, akasugua chaki. Mama Georgette aliinama kwa shida, akashika bodi ya lori, akangoja kuliko hata ilivyohitajika. Chaki ilibaki nyeupe.

Ndipo akampa Nephtali fimbo yake na kupanda kabini. Hakusema kwamba amemsamehe, wala Nephtali hakumuuliza. Walipofika darajani, alimwambia tu aendeshe polepole. Nephtali akapunguza mwendo.