Kiapo cha Stumai

Siku lori la mafuta lilipoingia Kasulu, watu waliligundua kwa pua kabla ya kuliona kwa macho. Wanawake waliacha mafungu ya maharage sokoni, makarani walichomoka ofisini na chupa walizozifunga magazeti, na foleni ya madebe ikajipinda kutoka kituo cha mafuta mpaka ng'ambo ya barabara. Wiki nzima koroboi za mji zilikuwa kavu.

Stumai alikuwa kwenye foleni ile na galoni lake. Alikuwa mhudumu wa simu pale posta, msichana wa Handeni aliyepangiwa kazi Kasulu na serikali. Siku hiyo alivaa gauni la kriplini, rangi ya chungwa bivu, na viatu vya raizoni vilivyomwongezea kimo na kumpunguzia mwendo. Watu waliposukumana, viatu vile vikamsaliti. Alijikuta ameangukia ubavuni mwa lori, pale mpira wa mafuta ulipokuwa ukifunguliwa, na mafuta yakamrukia toka kifuani hadi miguuni.

"Toba! Gauni langu!"

Dereva alifunga koki mbio mbio. Alikuwa kijana mrefu, nywele kazitimua kama mtindo wa miaka ile, suruali ya bugaluu imekolea vumbi jekundu mpaka magotini.

"Samahani sana, dada. Lakini leo usisogee jikoni, tafadhali."

"Nisisogee jikoni nile nini? Vumbi lako?"

"Nitakuletea chakula mwenyewe. Unakaa wapi?"

"Nakaa ndani ya hili gauni ulilonimalizia!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Dereva hakucheka, alifuta mikono kwenye shati akasema, "Naitwa Kipriani. Kipriani Niyitegeka, wa Kibondo."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Nakutajia ili ujue wa kumshitaki."

Stumai aligeuka upesi ili asionekane akitabasamu.

Kesho yake, simu iliingia posta kutoka Kibondo.

"Kasulu hapa. Unataka nani?"

"Mwakeye, mama wa gauni," sauti ilisalimu kwa Kiha.

Stumai akaangalia mlangoni kama bosi wake yupo. "Bwana wewe, hii simu ni ya serikali. Taja unayemtaka."

"Nimeshampata. Nilitaka kujua kama ulipika."

"Nilitafuna muhogo mbichi, kwa ajili yako."

"Maskini! Basi nikishuka huko nakuletea ndizi mbivu za kwa mama. Hazitaki jiko."

Na kweli akaleta. Tangu hapo, kila lori lake lilipopita Kasulu, walikaa hotelini kwa Mwajabu, meza ya pembeni, mbele yao bugali, ugali wa muhogo, na samaki wa migebuka. Kibondo alipokuwa, alipiga simu. Stumai aliizoea sauti ile mpaka akawa anaijua kwa kikohozi chake tu.

"Unanuka petroli, mpenzi," alimtania siku moja, akimsogelea hata hivyo.

"Ndiyo manukato ya kampuni. Tunagawiwa bure." Kisha Kipriani akaacha mzaha. "Nalala chini ya tanki, Stumai. Nikilala mbali, mafuta yakaibwa, mwizi ni mimi. Tanki likivuja njiani, mwizi ni mimi. Matingo wametuondolea, eti gharama. Lori likizimika mlimani, nani ataweka gogo chini ya gurudumu? Nishuke mimi, usukani nimwachie nani?"

"Na breki?"

"Breki tunaziombea."

Alisema vile akicheka, na Stumai akacheka naye. Baadaye alikikumbuka kicheko hicho kwa aibu.

Mvua za masika zilipokolea, lori la Bazilio liliacha njia kwenye mteremko wa kuingia Kasulu likawaka. Bazilio ndiye aliyemfundisha Kipriani udereva. Walimkimbiza hospitali ya Kabanga, na Kipriani na Stumai wakamfuata kwa miguu chini ya mwavuli mmoja. Walimkuta amefungwa bendeji mwili mzima, yamebaki macho na mdomo.

"Nilikanyaga, mdogo wangu," alisema Bazilio kwa shida. "Nilikanyaga mpaka mguu ukagusa chuma."

"Najua, kaka. Pumzika."

"Watasema nililala. Waambie sikulala."

Alizikwa wiki ile ile. Meneja wa kampuni alituma salamu za rambirambi kutoka Kigoma, na ndani ya salamu hizo akaeleza kuwa marehemu alisinzia.

Ndipo madereva walipokubaliana. Mwaka ule wa sabini na tatu, wafanyakazi kila mahali walikuwa wakiushika Mwongozo wa chama mkononi na kusema nao ni watu. Madereva wakaamua: Jumatatu malori yote yatapangwa kando ya barabara Kasulu, na hayatatikisika mpaka breki zitengenezwe na matingo warudishwe. Msemaji wao alikuwa Kipriani.

Ijumaa, Stumai akiwa zamu, meneja alipiga simu kutoka Kigoma akimtaka ofisa mmoja wa wilaya. Stumai aliunganisha. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kidogo tu kama wamepatana, kisha ajitoe. Alisikia jina, hakujitoa.

"... huyo Niyitegeka ndiye kichwa. Ukikikata, mwili unalala."

"Nikikamata dereva kwa kugoma, watapiga kelele za Mwongozo," ofisa alijibu.

"Kwani nani kasema kugoma? Lisikilize jina lenyewe. Baba yake alitoka Burundi. Mwandike na wakimbizi wa mwaka jana, apelekwe Tabora kwenye makazi yao. Nani atauliza?"

"Hilo linawezekana," akasema ofisa.

Stumai alivua vipokea sauti masikioni kana kwamba vinaunguza. Siku alipoajiriwa alikula kiapo cha kutunza siri ya simu, na anayekivunja hupoteza kazi, pengine akafungwa. Huko Handeni wadogo zake walikuwa shuleni kwa kazi hiyo hiyo. Aliwaza usiku kucha, na asubuhi aliona amepata njia ya katikati.

Jumamosi, kwa Mwajabu, hakugusa chakula.

"Kipriani, usigome. Omba likizo, nenda kwa mama."

"Nini?"

"Waache wengine waanze. Nakuomba, mpenzi wangu."

"Tumemzika Bazilio juzi, leo unaniambia nikalale kwa mama? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Naogopa tu."

"Unaogopa nini? Niambie, nikusikilize."

Maneno yalimfika ulimini, akayameza. "Naogopa tu," akarudia.

Uso wa Kipriani ukabadilika. "Wewe unakaa na wakubwa masikioni kutwa. Nani kakutuma?"

"Kipriani!"

"Nilidhani nimepata mwanamke, kumbe nimepata mwoga mwenye mshahara wa serikali. Baki na nyaya zako."

Akaondoka, sahani mbili zikabaki na ugali wake.

Jumatatu malori yalipangwa kweli, na madereva wakakaa kivulini mwa matanki yao. Mwanzoni mji uliwapenda. Mwajabu aliwapelekea chai, akina mama wakawapa ndizi. Siku zilipopita na koroboi zikakauka tena, wale wale walioleta chai wakaanza kusonya wakipita. Stumai alipita kila asubuhi akienda posta. Kipriani aliinamisha uso, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Alhamisi ofisa yule wa wilaya alikuja na polisi. Hawakupiga mtu. Mbele ya umati aliwatangazia madereva kwamba madai yao ni ya haki, kwamba fundi yuko njiani na vifaa vya breki, na matingo watarudishwa. Umati ukapiga makofi, madereva wakakumbatiana. Makofi yakiwa bado yanalia, polisi wawili walimwendea Kipriani na kumwambia kuna jambo dogo la karatasi zake. Akapanda Landrova akicheka, akidhani anaitwa kutia saini makubaliano.

Jioni ile fundi alikuwa chini ya malori akigonga nyundo. Kipriani alikuwa mahabusu. Madereva walijadiliana kama wagome tena kwa ajili yake. Mmoja wao, Longinus, alisema kwa sauti ya upole, "Mambo ya uraia si mambo ya breki." Hakuna aliyempinga. Asubuhi wakawasha magari.

Stumai alikwenda ofisi ya wilaya hajatumwa wala hajaitwa.

"Ndugu ofisa, Kipriani Niyitegeka amezaliwa Kibondo. Ninyi mnajua. Mlipanga na meneja kwenye simu, nikasikia kwa masikio yangu."

Ofisa hakukasirika. Alimpa kiti. "Binti, unaelewa kwamba hilo ulilosema ni kosa lako, si langu?"

"Naelewa."

"Na ulisikia lini?"

"Ijumaa."

"Leo ni Ijumaa nyingine," alisema ofisa, akanyanyua simu kumtafuta bosi wa posta.

Kabla ya adhuhuri Stumai alikuwa hana kazi. Kesho yake alibeba sanduku lake, akapata lifti ya lori la pamba, akafika Kibondo, alikopelekwa Kipriani, na vumbi hadi kwenye kope.

Malori ya wakimbizi yalikuwa uwanjani. Watu walipakiwa na magodoro, kuku na masufuria, wengi wao kweli wametoroka vita mwaka uliopita, wamechoka hata kulia. Kipriani alikuwa juu ya lori la mwisho. Chini yake alisimama mama yake, Esteri, na kina mama wa kanisani kwake. Mama hakuandikwa. Mama alikuwa raia, mtoto aliyemzaa palepale Kibondo ndiye mkimbizi.

Stumai alikanyaga gurudumu, akashika ubao wa lori ili nyuso zao zilingane.

"Umekuja," alisema Kipriani. Alikuwa amenyolewa nywele zote.

"Nimekuja. Kipriani, nilijua. Niliwasikia kwenye simu wakipanga haya."

"Lini?"

"Kabla hujaniita mwoga."

"Ungeniambia," alisema Kipriani, "ningegoma vilevile. Lakini ningegoma nikijua. Ningemuaga mama."

"Niliapa. Nina wadogo zangu... Nimeshawaambia sasa, wamenifukuza. Nisamehe, mpenzi."

"Nilishakusamehe mahabusu, kabla sijajua la kukusamehe. Sasa itabidi nianze upya." Aliutoa mkono katikati ya mbao, akamfuta vumbi shavuni. "Breki zimefungwa?"

"Malori yote."

"Vizuri," alisema, na macho yakamjaa maji. "Vizuri sana."

"Nakwenda nawe," alisema Stumai. "Nimekuja na sanduku. Nioe, hata huko huko Tabora. Nitalima."

"Mtoto wa Handeni mwenye raizoni, ulime?"

"Nitavivua."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile wakacheka, vipaji vya nyuso vikigusana penye ufa wa ubao. Karani alikuwa akizunguka lori akihesabu vichwa. Akamfikia Stumai, akainua kalamu.

"Na huyu? Ni mke wako? Kama ni mke wako nimwandike, apande."

Stumai alivuta pumzi kusema ndiyo.

"Hapana," alisema Kipriani. "Ni mtu wa posta. Alikuja kuaga."

Karani akaendelea mbele.

"Kipriani! Mbona umesema hivyo?"

"Shuka, Stumai. Ukiandikwa humu, hakuna wa kukufuta. Wewe una kwenu."

"Unanihurumia, au unaniadhibu?"

Injini ikanguruma. "Sijui," alisema. "Sitaki nikudanganye. Sijui."

Akaanza kuvibandua vidole vya Stumai kutoka kwenye ubao, kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto. Lori likatikisika, Stumai akaruka chini. Lilipita mbele ya ofisi, likapinda, likabaki vumbi.

Mama Esteri hakupiga yowe. Kina mama wa kanisani walimzunguka, wakaanza wimbo wao wa kusindikiza. Stumai, Mwislamu wa Handeni, hakuyajua maneno. Alisimama katikati yao na sanduku lake, kafumba mdomo, mpaka wakamaliza beti zote.