Nilipokea Sale Kabla ya Ukweli

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na tisa, mkazi wa Machame. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie. Naandika nikiwa na hasira, sitaficha.

Kahawa ilipokosa bei, mume wangu Elisante alitafuta kitu kingine cha kutulisha. Godlisen, mtoto wa baba yake mdogo, ndiye aliyeleta habari ya boti. Ilikuwa boti ndogo ya alumini ya kuvulia samaki, imetupwa kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, imetoboka. Alisema wakiitengeneza wataenda nayo kuwinda bata mwitu, na hoteli za mjini zitanunua.

Tuliileta nyumbani. Elisante aliziba matundu kwa vipande vya sufuria zangu kuukuu, akavipigilia ribiti. Aliipaka rangi ya majani makavu, akafunga matete ubavuni ili bata wasiwaone. Nilimcheka, nikamwambia amejenga kiota. Akasema nami nitataga humo!

Siku waliyoingia majini kwa mara ya kwanza, upepo uliwakuta katikati ya bwawa. Maji yaliingia, boti ikazama kama sufuria. Godlisen alishika dumu tupu, akaokoka. Elisante wangu, mtoto wa mlimani asiyejua kuogelea... alirudi amefunikwa shuka.

Msibani Godlisen aliwaambia watu kwamba Elisante alikuwa amelewa, akasimama kulenga bata, boti ikapinduka. Elisante! Mzee wa kanisa ambaye hata pombe ya mbege ya harusi yetu hakuonja! Watu wakanong'ona kumbe alikuwa mlevi wa siri. Wanangu waliyasikia hayo shuleni.

Baada ya matanga Godlisen alikuja na wazee wa ukoo, ameshika jani la sale. Kwetu anayeomba msamaha huja na jani hilo, na sale haikataliwi. Alisema anaomba radhi kwa kushindwa kumwokoa ndugu yake. Nililia, nikalipokea. Nani angekataa?

Miezi ikapita. Mkewe alijifungua, nikaenda Kirua Vunjo, wanakoishi, kumpa pole ya uzazi. Alinipa soda ya baridi dukani kwao, akanionyesha kwa fahari sanduku la barafu alilotengenezewa na mumewe. Alisema kuta zake zimejazwa povu gumu lililokuwa chini ya mabenchi ya ile boti yetu. Godlisen alilitoa wakati wa matengenezo, Elisante akiwa kanisani, akafunga mabenchi kama yalivyokuwa.

Nikakumbuka wavuvi wa bwawani waliokuja msibani, walivyoshangaa boti ya aina ile kuzama. Walisema huwekwa povu ndani ili ielee hata ikijaa maji!

Godlisen alipoingia nilimuuliza kuhusu lile povu, na kama kweli mume wangu alikunywa siku ile. Alitazama chini.

"Hakunywa, shemeji. Sikujua kama lile povu lina kazi. Sasa ningewaambia nini watu?"

Nilimwomba jambo moja tu: asimame mbele ya ukoo aseme hayo hayo. Akakataa.

"Si ulishapokea sale?"

Nilikwenda kwa wazee. Nao wakanijibu kwamba jambo lililofungwa kwa sale halifunguliwi, na kwamba mwanamke anayelifukua anatafuta laana. Laana ipi inizidi hii? Aliyekufa abebe ulevi asioujua, aliye hai auze soda baridi?

Kutojua kwake ningemsamehe. Sisi wote ni watu wa mlimani, maji hatuyajui. Lakini uongo aliujua!

Ndugu zangu wasomaji, mila zetu ni nzuri, sizitukani. Ila mtu akija na jani mkononi, mwulize kwanza anaomba msamaha wa nini, na aseme mbele ya wote. Usipokee kwa sababu ya machozi wala kwa kuogopa wazee, kama nilivyofanya mimi.

Godlisen amekataa kusema, na ukoo umenyamaza. Basi nasema mimi: Elisante hakuwa amelewa.