Aliyeitika Chini ya Matao

Kreszenz Aumüller alisimama ghafla. Nyayo zao zilikoma, lakini nyuma yao ikasikika hatua moja zaidi, ya mtu aliyevaa makubadhi.

"Umesikia?"

"Nasikia njaa tu," alisema mdogo wake, Alban. "Dada, nimetoka Straubing kuja kuona kasri, wewe unanizungusha makaburini."

Kwa miaka kumi na tisa Kreszenz alikuwa akitembeza wageni katika abasia ya Regensburg, makao ya kale ya watawa, na kasri lililoungana nayo. Alasiri ile ya Novemba wageni hawakuja, akaona amwonyeshe mdogo wake, dereva mstaafu wa treni. Wakaendelea chini ya matao, ambako watawa wa kale walizikwa chini ya sakafu. Harufu ya udongo mbichi ikawajia, kama kaburi limefukuliwa sasa hivi.

Kisha sauti ikaita kutoka chini ya sakafu, bila haraka: "Nani yupo zamu?"

Kreszenz alijua. Wazee wa kazi walimwonya siku ya kwanza kwamba humo ndani usimwitikie usiyemwona. Alinyoosha mkono amzibe Alban mdomo, akachelewa.

"Mimi hapa, bwana mkubwa!" Alban akaitika, akicheka.

Taa zikafifia. Kreszenz akamshika mkono, wakakimbilia mlango wa kasri. Akaufungua kwa ufunguo wake, na mbele yao yakawa matao yaleyale, na harufu ileile. Wakavuka, wakafika mlango mwingine, akaufungua, na tena ni matao, na yale makubadhi yakawa yanakuja nyuma yao, sasa si ya mtu mmoja bali ya wengi wanaotembea kwa mstari, pole pole, kama watu wasio na shaka kwamba wanaofuatwa hawana pa kwenda.

"Dada," Alban alinong'ona, "miguu hainyanyuki."

Viatu vyake vilikuwa vimeganda kwenye jiwe. Kreszenz akaugonga kwa ngumi mlango mdogo wa kanisa uliokuwa ubavuni mwao.

"Padri Wunibald! Tumenaswa!"

Padri alikuwa upande wa pili akitayarisha altare. "Kuna aliyeitika?"

"Mdogo wangu. Alikuwa anatania."

Maji ya baraka yakachuruzika chini ya mlango. "Mvue viatu. Nikianza kusali, mvute. Na usitazame nyuma, mwanangu, hata wakikuita kwa sauti ya mama yako."

Wakamwita kwa sauti hiyo. Wakamwita kwa jina la utoto ambalo mama pekee alilitumia, wakimbembeleza, wakilia, na yeye akavuta huku machozi yakimtoka, akavuta mpaka mlango ukafunguka na wote wawili wakaangukia miguuni pa padri.

Baadaye walikaa mgahawani, ng'ambo ya uwanja. Alban, miguuni soksi tupu, alikunywa supu ya maini. Kreszenz akamvua kofia amkaushe jasho.

Nywele zake, nyingi kama za kijana, zilikuwa zimenyolewa utosini, duara safi kama la watawa wa kale.

"Alban, nani kakunyoa?"

Kengele ya sala ya jioni ikalia. Alban akaweka kijiko chini, akainuka. Kreszenz akalishika koti lake kwa mikono miwili, akajikuta anaburutwa juu ya mawe ya uwanja na mtu mwenye uzito mdogo kuliko wake.

"Niache, dada," alisema Alban kwa upole. "Wameshapanga mstari."