Sale kwa Ajili ya Neema

Yuditha tunamfahamu wote hapa Marangu. Ndiye daktari wa mifugo mwenye pikipiki nyekundu na mdomo usiopumzika. Yaliyompata alimsimulia dada yangu, na dada yangu si mtu wa kuongeza chumvi.

Jumanne ile ilianza vizuri tu. Jua lilikuwa limetoka, naye alikuwa anamalizia chai, simu ikaita. Ng'ombe wa Bibi Elisifa, mmoja tu aliyekuwa naye, alikuwa amevunjika nyonga zizini. Alikuwa amechomwa dawa za ugonjwa siku nne mfululizo, hata kumchinja kusingefaa, nyama yake isingelika.

"Njoo umpumzishe, mwanangu," alisema bibi.

Yuditha akakiweka kikombe chini. Mwezi uliotangulia alimchoma sindano ya mwisho Neema, ng'ombe wa Mzee Basili, na kwa woga akafunga mkoba akaondoka bila kusikiliza kama moyo umesimama. Kesho yake Basili akamwambia kwamba Neema alifumbua macho tena, akahema karibu saa nzima kabla ya kufa. Tangu hapo, kila Yuditha alipovuta dawa kwenye bomba la sindano, alisikia ng'ombe akicheua nyuma yake. Mara mbili alikimbia kazi. Mbwa mmoja wa Kiboriloni aliteseka siku mbili zaidi kwa sababu hiyo, na aibu ya mbwa yule ilimuuma kuliko hofu yenyewe. Akaapa kwamba leo hakimbii, hata kije nini.

Alipofika, shimo lilikuwa limeshachimbwa pembeni ya migomba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Bibi Elisifa akamshikisha jani la sale lililofungwa fundo, lile ambalo Wachagga humpa waliyemkosea, na akishapewa hakatai kusamehe. "Habari za Neema tulizisikia. Muombe radhi kwanza."

"Siombi radhi kwa kumpunguzia mnyama mateso, bibi." Hata hivyo, alilichomeka jani mfukoni.

Akapiga magoti. Ukungu ukashuka kutoka mlimani, mchana kweupe, ukameza migomba mmoja mmoja. Akavuta dawa.

Kitu kikaanza kucheua nyuma yake.

Taratibu. Karibu. Pumzi ya moto ikamgusa shingoni, inanuka majani yaliyochacha. Akalishika bomba kwa mikono miwili.

"Daktari," alinong'ona bibi. "Nyuma yako."

"Najua. Usiniambie ni nini."

Hakugeuka. Hasira ilimpanda, akaifurahia, kwa kuwa ilimtuliza mkono.

"Neema," alisema, "ulikuwa unaumia, nikakupumzisha. Ningefanya tena hata leo. Nilikukosea jambo moja tu: niliondoka kabla hujamaliza. Huyu sitamwacha. Kama umekuja kunizuia, umechelewa."

Akachoma. Dawa ikaingia yote. Akaweka kifaa chake cha kusikilizia mapigo kifuani mwa ng'ombe akasikiliza, huku pumzi ile ikisikiliza pamoja naye. Moyo ukapiga. Ukapiga. Ukapunguza mwendo. Ukanyamaza. Akagusa jicho kwa kidole, halikupepesa. Akakaa dakika kumi nyingine, magoti yakifa ganzi.

Kisha akatoa sale mfukoni na kuipeleka nyuma ya mgongo wake, bila kugeuka.

Jani likavutwa. Si kwa nguvu. Ulimi mpana, wenye maji na unaokwaruza, ukapita juu ya mkono wake mara moja.

Ukungu ulipoinuka, bibi alikuwa ameegemea nguzo ya zizi, kanga mdomoni.

"Uliona nini?" Yuditha aliuliza.

"Kusikia nilisikia, ila sikuona kitu, mwanangu. Niliona jani tu, likitafunwa hewani mpaka likaisha."

Jioni ile ile alikwenda Kiboriloni kumwona mwenye yule mbwa, akamwomba radhi ana kwa ana. Tangu siku hiyo hajakataa simu hata moja, wala hajasikia chochote nyuma yake. Ila mkono wake wa kulia una mkwaruzo mwekundu, mpana kama kiganja. Amejaribu dawa zote anazozijua. Mpaka leo, ukiugusa, una unyevu.